Puli ya gari inabadilishwa nyumbani, lakini haibadilishwi kwa nyundo

Siku ya posho asubuhi, katika viwanja vingi vya Bukavu, Goma, Butembo ao Uvira, kuna gari iliyosimama kapo wazi. Chini yake kuna mawe pahali pa kriki, kando kuna sanduku la vifaa, na vijana watatu ao wane wanaangalia. Mwenye gari ameshika puli mpya mkononi. Ya zamani imekwisha kutoka, mpya inagoma kuingia. Ndipo mmoja wao anasema neno ambalo limekwisha kuharibu moteri nyingi: « Papa, tuipige nyundo kidogo tu, itaingia. »

Itaingia, ndiyo. Moteri itawaka na jirani watafurahi. Kisha majuma machache, mafuta yanaanza kutoka mbele ya moteri, mkanda unaanza kulia, ao gari inazimika katikati ya mlima ikiwa na abiria. Hapo lawama inaanza. Wengine wanasema ni piesi za China. Wengine wanasema ni fundi mbaya, ao ni barabara. Mara chache sana watu wanasema ukweli wenyewe: siku ile kiwanjani, hakuna aliyejua vizuri kile alichokuwa anagusa.

Hakuna haki ya kulaumu mtu anayetengeneza gari yake mwenyewe. Magari mengi ya Kivu yalinunuliwa yakiwa yamekwisha kutumika miaka mingi Japani, yakapita Mombasa ao Dar es Salaam, na yakafika yakiwa yamechoka. Tangu vita ilipofika Goma mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi wa pili, banki zilifunga milango na feza ya mkononi ikawa ngumu kupata. Baba ao mama anayepeleka gari garaji leo anahesabu kwanza: ada ya shule, kodi ya nyumba, unga, kisha gari. Kama anaweza kufanya kazi hiyo kiwanjani kwake pamoja na shemeji ao mtoto wa jirani, ni akili, si ujinga.

Lakini kuna kazi na kazi. Mtu akikosea kubadilisha buji ao taa, gari inakataa kuwaka, naye anaanza upya. Puli kubwa ya moteri haisamehe hivyo. Inakaa kimya, inafanya kazi, kisha inadai deni lake siku ambayo hakuna anayeingojea.

Mpira ambao wengi hawauoni

Mbele ya moteri kuna puli kadhaa: ya alternateri, ya klima, ya usukani, na kwenye magari mengi ya pompi ya maji pia. Zote zinazungushwa na mkanda, na mkanda unazungushwa na puli moja ya chini, iliyofungwa kwenye ncha ya vilibreke, ule mti wa chuma unaozungushwa na pistoni. Zile nyingine zinapokea. Hii ya chini ndiyo inatoa.

Anayeiangalia haraka anaona gurudumu la chuma tu. Akiiosha vizuri na kuiangalia kwa karibu, kwenye magari mengi ataona duara nyembamba nyeusi kati ya chuma cha ndani na chuma cha inje. Huo ni mpira. Chuma cha ndani kimefungwa kwenye vilibreke, chuma cha inje kinabeba mkanda, na mpira ndio unaviunganisha.

Mpira huo haukuwekwa kwa urembo. Kila mara esansi ao mazuti inapowaka ndani ya silinda, pistoni inasukuma vilibreke kwa pigo kali. Moteri ya silinda 6 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, mapigo hayo ni 6,000 kwa dakika, ni kusema 100 kila sekunde. Kila pigo linakamua vilibreke kidogo sana, kama mtu anayekamua nguo, kisha vilibreke inajinyoosha. Moteri ikifika mwendo fulani, mitikisiko hiyo inafuatana na kukua, kama bembea ya mtoto inayosukumwa kila mara inaporudi. Kile chuma kizito cha inje kinakataa kufuata mtikisiko huo, na mpira unaumeza. Bila hivyo, vilibreke inachoka, kusineti zinakulika, na siku moja chuma kinapasuka.

Vilibreke ikiwa ndefu, hatari inaongezeka. Watu wote wa Kivu na Ituri wanajua Toyota Land Cruiser za moteri 1HZ, ile ya lita 4.2 na silinda 6 zilizopangwa kwenye mstari mmoja, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990. Zinabeba wagonjwa, mizigo ya soko, walimu na watumishi wa mashirika. Kuondoa puli yenye mpira kwenye moteri ya namna hiyo na kuweka chuma kitupu ni kuokoa dola chache leo na kuhatarisha moteri nzima kesho.

Mpira wenyewe pia unazeeka. Joto na mafuta yanaukausha, unapasuka, na chuma cha inje kinaanza kuyumba ao kuteleza juu ya kile cha ndani. Kwenye moteri za zamani za esansi, alama ambayo fundi anaitumia kupanga saa ya moto iko kwenye chuma hicho cha inje. Kikiteleza, alama inadanganya. Fundi anapanga vizuri kabisa kulingana na alama, kumbe anapanga vibaya. Gari inakosa nguvu, inapata joto, inakunywa esansi, na watu wanabadilisha buji, kaburateri na hata kichwa cha moteri, huku mwenye kosa anazunguka pale chini bila kushitakiwa.

Puli nyepesi na ahadi za nguvu

Kuna puli za namna tatu zinazouzwa kwetu. Ya kwanza ni ya kiwanda lakini ya okazio, iliyotolewa kwenye gari lingine. Ya pili ni ile iliyoigwa, mpya, bei chini. Ya tatu ni ile nyepesi ya aluminiamu, mara nyingi ya rangi nyekundu ao bluu, inayoagizwa kwenye intaneti ao inayoletwa na mfanyabiashara aliyetoka Dubai ao Guangzhou. Hii ya tatu ndiyo inapendwa na vijana, kwa sababu inauzwa na ahadi: gari itapata nguvu.

Ahadi hiyo si uongo mtupu. Gurudumu jepesi linaanza kuzunguka haraka kuliko zito. Tena puli ya chini ikiwa ndogo kuliko ya kiwanda, mkanda unakwenda polepole, alternateri na pompi zinaiba nguvu kidogo, na nguvu hiyo inabaki kwa magurudumu. Kwenye gari la mashindano, linalokimbia muda mfupi moteri ikizunguka kwa kasi sana, hesabu hiyo inaweza kuwa na maana.

Kwenye barabara ya Bukavu kwenda Uvira, hesabu inageuka. Kwenye mlima wa Ngomo, gari iliyojaa watu na mizigo inapanda kwa vitesi ya kwanza, nyuma ya lori, ikitembea na kusimama. Hapo moteri iko na joto nyingi na inazunguka polepole. Tuseme puli ya kiwanda ilikuwa na upana wa sentimita 14, na mpya iko na 12. Mkanda unapoteza asilimia 14 ya mwendo wake. Moteri ikikaa kwenye mizunguko 700 kwa dakika, alternateri inaona kama ni 600. Kama pompi ya maji inazungushwa na mkanda huohuo, nayo inasukuma maji kidogo wakati yanahitajika zaidi. Usiku, mvua ikinyesha, taa zikiwaka, kifuta kioo kikitembea na telefone za abiria zikichajiwa, batri inatoa kuliko inavyopokea. Kijana alinunua nguvu. Alichopata ni moteri inayochemka na batri inayolala.

Na kuna jambo zito kuliko hilo. Kwenye moteri nyingi za Toyota za mazuti za zamani, ile pompi inayosaidia freni imefungwa nyuma ya alternateri. Mkanda ukitoka kwa sababu puli imekaa vibaya, dereva hapotezi taa ya batri tu. Freni zinabaki na msaada wa kukanyaga mara chache, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Mtu anayeteremka Ngomo ao mlima wa Kabasha katika hali hiyo hafikirii tena bei ya puli.

Haki itendeke pia kwa upande mwingine. Kuna moteri ambazo zilitoka kiwandani na puli ya chuma kitupu, bila mpira. Hapo puli nyingine isiyo na mpira haina ubaya uleule, kama iko na kipimo sawa. Ndiyo maana swali la kwanza si « hii ni ya China ao ya Japani? » Swali la kwanza ni: ile ya zamani iko namna gani? Kama ilikuwa na mpira, mpya iwe na mpira. Kama haikuwa na mpira, basi.

Kupima hakuombi mashini ya bei kubwa. Mizani ya sokoni inaweza kuonyesha kama puli mpya iko na uzito unaokaribia ule wa zamani. Kamba ikizungushwa juu ya zote mbili inaonyesha kama duara ni sawa. Mifereji ya mkanda inahesabiwa kwa kidole. Ile ya okazio ishikwe kwenye mwangaza na mpira wake uangaliwe pande zote: ukiwa na nyufa ao ukitokeza inje, hata jina kubwa la kiwanda lililoandikwa juu yake haliwezi kuiponya. Muuzaji anayekataa mteja apime mbele yake amekwisha kujibu swali.

Pahali ambapo nyundo inaharibu

Kazi yenyewe inaweza kufanyika kiwanjani, kwa siku moja, na watu wawili wenye subira. Inaomba kwanza gari isimame juu ya kitu kinachoaminika. Mawe na matofali yanapasuka bila kutoa habari, na kriki peke yake inaweza kuteleza. Kipande kizito cha mti chini ya shasi, magurudumu yakiwa yamezuiwa, ni bora kuliko maombi.

Kisha waya wa batri utolewe. Kuna ujanja unaojulikana sana wa kulegeza buloni kubwa ya puli: kuweka chuma kirefu kwenye buloni, kukitegemeza kwenye shasi, na kupiga kidogo starta. Buloni inalegea, ni kweli. Lakini chuma kikiteleza, kinapita pale pale ambapo kuna mkono ao uso wa mtu. Mwenye watoto asikubali ujanja huo uani kwake.

Puli inavutwa kwa chombo chake. Chombo hicho kinashika sehemu ya ndani, kwenye matundu madogo ambayo kiwanda kiliyaacha kwa kazi hiyo. Anayekishikisha kwenye duara la inje anavuta mpira, wala si puli, naye anaupasua bila kujua. Ile inayoingia haipigwi. Kila pigo la nyundo mbele ya vilibreke linakwenda kusimama kwenye kusineti nyembamba zinazozuia vilibreke isitembee mbele na nyuma. Puli ikigoma, iko na sababu: kutu kwenye ncha, klaveti iliyokaa upande, ao kipimo kisicho chake. Nyundo haiondoi sababu hata moja kati ya hizo. Inazificha tu.

Kabla ya kuirudisha, joini ya mafuta iliyo nyuma yake iangaliwe. Midomo ya joini hiyo inapanguza juu ya shingo ya puli mchana na usiku. Shingo ya puli iliyoigwa ikiwa na mikwaruzo, joini mpya itakatwa, mafuta yatatoka, yatarukia mkanda, na mkanda utateleza.

Mwisho kuna buloni, na hapo ndipo wengi wanakosea wakifikiri wamemaliza. Kukaza « mpaka mkono uchoke » si kipimo. Kwenye magari mengi madogo buloni hiyo inaomba nguvu inayopita niutoni-mita 100, na kwenye moteri kubwa za mazuti inaweza kupita 300. Asiye na ufunguo wa kupimia anaweza kuelewa hesabu hii: kilo 10 zikining'inia kwenye ncha ya chuma cha mita 1 kilicholala sawa, ni karibu niutoni-mita 100. Buloni iliyokazwa kidogo inaacha puli icheze. Puli inakata klaveti, klaveti inaharibu ncha ya vilibreke, na hapo hakuna piesi ndogo tena ya kununua. Kuna pia buloni ambazo kiwanda kinaomba zitumiwe mara moja tu. Kitabu cha moteri kinasema, na leo vitabu vingi vya Toyota vinapatikana kwenye telefone.

Kabla ya kuwasha, moteri izungushwe kwa mkono mara mbili nzima. Kisha ubao ulionyooka uwekwe juu ya puli mbili ili kuona kama zinatazamana. Tofauti ya milimita chache inatosha mkanda uanze kulia na kujikata pembeni.

Si kiwanja, ni ujuzi

Wengi watasema haya yote ni mazuri kwa watu wenye feza. Fundi wa kando ya barabara naye anapiga nyundo, na anaomba kulipwa juu yake. Ni kweli, na ndiyo maana jibu si kusema « pelekeni magari garaji ». Garaji yenye kupiga nyundo haina tofauti na kiwanja chenye kupiga nyundo. Kinachookoa moteri ni ujuzi na vifaa viwili: chombo cha kuvuta puli na ufunguo wa kupima nguvu ya kukaza. Nyumba moja haiwezi kuvinunua kwa kazi inayofanyika mara moja kwa miaka mingi. Lakini madereva 20 wa parking moja wanaweza. Watu wa kwetu wanajua likelemba: wanachanga kila mwezi kwa kununua sufuria, mabati na hata pikipiki. Kuchanga kwa vifaa viwili ambavyo kila mtu ataazima kwa zamu hakuzidi nguvu zao. Chama cha madereva ACCO, ambacho kinajulikana katika kila parking, kingeweza kuvitunza na kuviandika kwenye daftari.

INPP, ambayo tangu mwaka 1964 iko na kazi ya kufundisha watu ufundi, ingeweza kupanga mafundisho ya siku moja, posho asubuhi, kwa wenye magari ambao hawataki kuwa mafundi ila wanataka tu wasiharibu. Na OCC, yenye kazi ya kupima ubora wa bidhaa zinazoingia inchini, ingepaswa kuangalia piesi zinazogusa freni na moteri kwa jicho lilelile inavyoangalia unga na dawa. Hata hivyo, mwenye gari asiingoje serikali kwa kitu ambacho kamba na mizani vinaweza kumwambia leo.

Maana anayelipa si yeye peke yake. Dereva wa teksi aliyeharibu moteri ya mtu anarudi nyumbani bila kazi. Gari ya wagonjwa iliyozimika njiani inaacha mama mwenye uchungu kando ya barabara. Abiria aliyepanda Land Cruiser pale Uvira hakuulizwa kama puli ilipigwa nyundo siku ya posho. Alilipa nauli na akaamini.

Kwa hiyo posho ijayo, puli ikigoma na kijana akisimama na nyundo mkononi, mzee wa kiwanja aseme neno moja: « Ngoja. » Puli itolewe tena, ncha isafishwe, klaveti iangaliwe, na ile mpya ipimwe kando ya ya zamani. Kama vipimo havilingani, irudishwe kwa muuzaji siku hiyohiyo, kabla haijapata alama hata moja ya nyundo. Ikiwa na alama, hataipokea tena.